Shimo Chini ya Chonge

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba kinachong'arisha chuma kitang'arisha na jino. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi wa makarasha kwenye machimbo nje kidogo ya Masumbwe, ufundi niliojifunza peke yangu kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuunguza mota mbili za watu. Karasha ni pipa zito lenye gololi kubwa za chuma ndani yake. Injini inalizungusha mchana kutwa mpaka mawe ya dhahabu yanageuka unga laini kama wa ngano, kisha unga huo unapelekwa mwaloni, penye maji, kuoshwa ili dhahabu ibaki. Meno yangu yalikuwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, kama ya wengi tuliokua tukinywa maji ya visima vya upande wetu, na mimi ni mtu ambaye spana moja ikilala nje ya mstari wake roho haitulii. Siku moja niliona unga wa mawe ulivyokula kutu kwenye mhimili wa karasha hadi chuma kikawaka, nikapata wazo. Nikachota unga ambao haujafika mwaloni, yaani haujaguswa na zebaki, nikauchekecha mara tatu kwa kipande cha kanga, nikautia kwenye kopo safi lenye kifuniko. Asubuhi dakika tano, jioni dakika tano, saa ya simu ikihesabu, kwa mswaki mgumu kuliko yote iliyokuwa dukani. Nilisugua upande wa mbele tu, ule unaoonekana mtu akicheka. Madoa yalipauka kidogo. Nilifurahi kiasi kwamba nikamfungia na rafiki yangu Kulwa pakiti yake.

Mwaka huu tumemzika shangazi yangu, Mama Kabula, pale Kolandoto, na kwa siku za matanga nililazwa katika chumba kile kile alichonipa mwaka ule wa jino. Hakikubadilika sana. Kitanda cha mbao kilichokaa karibu mno na dirisha, magunia mawili ya mpunga yaliyosimama ukutani kama wageni ambao hawajaambiwa kuketi, harufu ya majani makavu ya kunde, na nje ya dirisha zizi, ambamo ng'ombe walikuwa wakipumua kwa nguvu kama watu wanaobeba mzigo. Nikiwa nimejilaza mchana, niliwasikia wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani. "Yule mrefu ndiye aliyepandwa mfupa?" mmoja aliuliza. "Ndiye." "Mfupa wa mtu?" "Wa ng'ombe, nasikia." Wa tatu akadakia, "Basi mwenzetu kaanza mahari. Ng'ombe wa kwanza keshamweka mdomoni." Walicheka mpaka kisu kikaanguka kwenye sufuria, halafu wakakumbuka kwamba ni msibani, wakanyamaza. Nami nililala pale nikitabasamu chini ya chandarua, ulimi ukiwa umekwenda wenyewe hadi kwenye chonge ya chini kushoto, kama unavyokwenda kila siku, kuhakikisha kwamba bado ipo.

Ilianza na matobolwa. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai la karasha wakati wa chakula, nikauma kipande cha kiazi kikavu kilichochemshwa, kile kigumu ambacho kila mtoto wa Kisukuma anakitafuna bila kufikiri, na chonge ile ikainama. Haikuuma. Iliinama tu, kama mti wa uzio uliochimbiwa kwenye mchanga, halafu ikarudi. Nilimwambia Kulwa. Alinitazama akasema, "Wewe bwana, labda kiazi ndicho kimeinama." Kwa wiki mbili nililisukuma jino lile kwa ulimi mara mia kwa siku, na kila nikilisukuma nilijiambia kwamba nalipima tu. Damu ilikuwa inatoka asubuhi tangu miezi mingi nyuma, lakini niliihesabu kuwa dalili ya usafi. Nilidhani mahali panapotoka damu ndipo uchafu unapotoka. Nikaongeza dakika.

Nilikwenda Geita, mtaa wa Kalangalala, kwenye kliniki ndogo ya meno iliyokuwa na viti vinne vya plastiki na feni moja. Tabibu, kijana asiyenizidi umri sana, alilishika jino kwa vidole viwili, akalitikisa, akapiga picha ya eksirei, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kando ya mzizi kulikuwa na doa jeusi lenye umbo la tone refu. "Mfupa umeliwa hapa," alisema. "Kawaida tunang'oa." Lazima uso wangu ulisema kitu, maana aliweka picha mezani akaongeza kwa sauti ya chini: "Ila Shinyanga kuna daktari bingwa wa fizi, amerudi kutoka masomoni. Anasema mfupa unaweza kurudishwa. Mimi nimesoma tu kwenye kitabu, sijaona kwa macho." Njiani kurudi nilisoma kwenye simu kila nilichoweza kukipata, neno kwa neno, nikitafsiri huku basi likitikisika. Nilijua mfupa wa mguu ukivunjika unaunga. Lakini mfupa uliokwisha kuliwa, ukatoweka, kurudi tena mahali pake? Niliona ni maneno ya watu wa mbali. Hata hivyo niliweka akili yangu yote kwenye neno moja, "unaweza", nikafunga begi, nikaenda kwa shangazi, Kolandoto, karibu na Shinyanga.

Shangazi alinipokea kwenye mlango wa jiko akiwa na mwiko mkononi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nani amekupiga?" "Hakuna. Ni jino." "Jino moja ndilo limekutoa Masumbwe?" Alifungua kinywa chake akanionyesha: juu yalikuwa yamebaki manne. "Haya mengine yaliondoka bila hata kuniaga, nami sikuhama mji." Lakini jioni ile alinipondea viazi kwenye maziwa bila mimi kumwomba, akaniwekea upande wa kulia wa sahani, kana kwamba chakula nacho kilipaswa kukaa mbali na jino bovu.

Yule bingwa wa fizi, Daktari Rehema, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliimba kwa pua akifanya kazi. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akawa anakiingiza taratibu kati ya ufizi na kila jino, akimtajia nesi namba. Mbili. Tatu. Mbili. Mbili. Tatu. Nilikuwa nimesoma kwamba milimita mbili na tatu ni salama, kwa hiyo kila namba ilinipa pumzi. Alipofika kwenye chonge aliacha kuimba. Kijiti kilizama, kikaendelea kuzama, nikahisi kitu baridi mahali ambapo sikujua kwamba mwili wangu una mahali. "Nane," alisema. Nesi aliinua kichwa. Kisha daktari akageuza kioo kidogo nyuma ya meno yangu, akakwangua, akapaka alichokipata kwenye pamba, akakisugua kati ya vidole vya glavu. "Kijana, unasugua meno kwa kitu gani?"

Nilimweleza habari ya unga. Nilieleza hata kuchekecha mara tatu, kama mtu anayetaja sifa zake kwenye usaili. Hakucheka. Alisema mbele nimesugua mpaka ufizi umekimbia na mzizi umebaki uchi, na nyuma, ambako sikuwahi kugusa, ukoga umejijenga ukawa mgumu kama saruji, na wadudu wakapata njia ya kushuka. "Siwezi kukuambia unga peke yake ndio uliokula mfupa," alisema. "Lakini haukukusaidia hata siku moja." Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Nani mwingine anautumia?" Nikajibu haraka, "Ni mimi tu." Sijui kwa nini. Au najua: nilikuwa nimeshaonekana mjinga kwa jino langu, sikutaka kuonekana mjinga kwa kinywa cha mtu mwingine. Niliona uso wa Kulwa akicheka na pakiti yake mfukoni, na nikaufunika.

Alipoambiwa kazi yangu, alivuta karatasi akachora. "Basi utanielewa kuliko wote wanaokaa kwenye kiti hiki. Shimo lililodondoka kuta zake, ukimwaga kifusi, kinafanya nini?" "Kinasambaa." "Na lenye kuta zimesimama?" "Kinakaa." "Lako lina kuta tatu zimesimama. Ukuta wa nne ni jino lenyewe. Ndiyo maana nina tumaini." Kisha akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisahau. Alisema mwili wenyewe unataka kulijaza shimo lile, shida ni nani anafika kwanza. Nyama ya ufizi ina haraka. Ikiachwa inashuka shimoni kwa siku chache na kukaa humo, na mfupa, ambao mwendo wake ni wa miezi, unakuta pamejaa. "Kwa hiyo kazi yangu ni ndogo. Naweka pazia. Nyama ibaki huku, mfupa upewe muda wake kule. Mimi sioteshi kitu. Nalinda mlango tu." Nilimtazama yule mwanamke mfupi na kalamu yake ya wino wa bluu. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na mbili ndani ya mwili huu nikiuchukulia kama mashine ambayo nisipoifunga nati kila asubuhi itafunguka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unafanya kazi bila mimi.

Hakunipasua mara moja. Kwa wiki sita alinisafisha chini ya fizi, upande huu leo, upande ule juma lijalo, na kunifundisha kupiga mswaki kama mtoto wa chekechea: brashi laini, mkono mwepesi, nyuma kabla ya mbele. Mkono mwepesi ulinishinda. Alinipa mswaki nikasugua mbele yake, akanishika kifundo cha mkono. "Unasugua sufuria?" "Hapana, daktari." "Basi shika kama kalamu." Niliona aibu iliyozidi maumivu ya sindano. Nyumbani shangazi alinitazama nikifanya mazoezi kwenye beseni uani, akamwambia jirani yake, kwa Kisukuma, akidhani sisikii, kwamba mtoto huyu tangu azaliwe anafanya kila kitu kana kwamba kuna mtu atakuja kukagua. Jirani akauliza, "Na huyo mkaguzi ameshawahi kuja?" Shangazi akajibu, "Bado. Lakini amefagiliwa uwanja miaka yote hii."

Siku ya upasuaji walinitoa damu kwanza. Mirija midogo minne iliingizwa kwenye mashine inayozunguka, na mlio wake ulinifanya nitulie, maana ulikuwa mlio wa mota iliyokaa sawa kwenye beringi zake. Ilipotoka, damu ilikuwa imejigawa: nyekundu nzito chini, na juu yake tabaka la manjano, lenye kung'aa, lililoganda kama utando wa maziwa. Mimi ni mtu wa mwalo. Kwetu kilicho kizito kinashuka na ndicho unachokitaka, na kinachoelea unakiacha kiende na maji. Nikamwambia daktari, kabla ganzi haijanishika ulimi, "Kwetu hiyo ya juu ningeimwaga." Alicheka mpaka miwani ikapanda. "Usinimwagie," alisema. "Hii ya juu ndiyo yenye vitu vinavyoita uponyaji. Inatoka kwako, inarudi kwako." Aliichukua kwa kibano, akaibana kati ya vibati viwili, ikawa kipande chembamba cha kitambaa cha manjano. Nilikitazama. Kilikuwa mimi. Saa moja nyuma kilikuwa kinazunguka kwenye mguu wangu au kwenye moyo, bila jina.

Kwenye ukingo wa taa iliyoning'inia juu ya kiti kulikuwa na mduara wa chuma uliong'arishwa vizuri, na ndani yake niliona kila kitu, kikiwa kidogo na kimegeuzwa. Niliona ufizi ukifunuliwa kama pindo la shuka. Niliona mzizi wa jino langu, wa rangi ya pembe ya ndovu, mrefu kuliko nilivyodhani, na kando yake lile shimo. Sikuogopa. Nimeshawahi kuchungulia maduara, yale mashimo ya wachimbaji yanayokwenda chini mita nyingi, lakini hilo la kwangu, lisilozidi urefu wa punje moja ya mpunga, ndilo lililonifanya nishike sana mikono ya kiti. Daktari alikwangua mpaka kuta zikawa safi. Kisha nesi akasogeza kibakuli cha kioo chenye punje nyeupe. "Mfupa wa ng'ombe," alisema daktari kupitia barakoa. "Umesafishwa kwa moto na dawa mpaka umebaki madini matupu. Hauna uhai, ni jukwaa tu. Wa kwako utapanda juu yake." Aliuchanganya na damu yangu, akaujaza shimoni kidogo kidogo, akashindilia kwa upole, akaweka juu yake pazia, kile kitambaa cha manjano. Halafu akakata kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa, chembamba kama ganda la kitunguu, akakilaza juu ya ule mzizi uliokuwa uchi, akarudisha ufizi wake, akashona kwa uzi wa bluu. Mafundo kumi na moja. Nilihesabu.

Masharti yalikuwa machache, na yote yalikuwa ya kuacha kitu. Usipige mswaki hapo. Usiteme mate kwa nguvu. Usitafunie upande huo. Na kubwa kuliko yote: usivute mdomo kuangalia. "Nakujua sasa," Daktari Rehema alisema akiwa amenikazia macho. "Kila ukivuta mdomo unavuta uzi. Nikikuta umevuta, tutakuwa tumefanya kazi ya bure wewe na mimi na yule ng'ombe."

Shangazi alinipikia uji wa ulezi akaupoza kwenye sufuria mbili, akinimiminia kutoka hii kwenda ile mbele ya macho yangu ili nione kwamba umepoa. Alinipa mtindi kutoka kwenye kibuyu chake, na ndizi iliyopondwa, na mchuzi wa kuku uliochujwa. Alikataza watu wasinichekeshe. Majirani walikuja kuniona na kukaa kimya kana kwamba mimi ni maiti iliyokaa kitako. Siku ya kwanza sikuangalia. Siku ya pili sikuangalia. Siku ya tatu nilivuta mdomo kidogo tu, dirishani, kwa kamera ya simu na tochi yake. Ufizi ulikuwa umevimba na ule mpando wa nyama ya kaakaa ulikuwa na rangi nyeupe inayochukiza. Nilisoma kwenye simu kwamba weupe huo ni wa kawaida. Nikaangalia tena kuhakikisha kwamba ni weupe wa aina hiyo. Siku ya nne niliangalia mara saba.

Siku ya sita niligundua kwamba fundo moja limekaa upande. Mafundo kumi yalikuwa kwenye mstari, la kumi na moja, lile la pembeni karibu na gego dogo, lilikuwa limeegemea, na ncha ya uzi wake ilikuwa ndefu kuliko nyingine. Natamani ningeweza kuandika kwamba lilikuwa linauma, au kwamba lilikuwa linachoma shavu. Halikuwa. Lilikuwa limekaa upande tu. Nilichukua kikatio cha kucha, nikakichemsha kwenye kikombe cha chai, nikapiga magoti mbele ya kioo cha shangazi, nikaushika uzi ili niuweke sawa. Ulifunguka. Niliona kona ya ule mpando inainuka kama kibandiko kilicholowa, na chini yake damu ikaanza kutoka, polepole, bila haraka yoyote.

Shangazi alinikuta hapo. Nilitegemea atapiga kelele. Alinitoa kikatio mkononi, akanikandamizia shavuni kitambaa kilicholowa maji baridi, akasema, "Mimi nikigandisha maziwa, kibuyu nakitundika. Sikitikisi kukiuliza kama kimeganda." Kisha akaita bodaboda kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi barabarani, akapanda nyuma yangu, akanishika mabega njia nzima ili nisirushwe na mashimo.

Kwenye kiti kile nililia. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na nililia huku mdomo umefunguliwa kwa vibano, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa heshima. Nilisema ni mimi, nimevuta, niliona fundo limekaa upande. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mlango, na lingine likatoka: kwamba nilidanganya, yupo mwingine anayetumia unga, nilimpa mwenyewe, anaitwa Kulwa. Daktari Rehema alikuwa ameinama akishona. Hakuinua kichwa. "Pazia halijaguswa," alisema hatimaye. "Mfupa uko salama, naamini. Kona hii ya ufizi siwezi kukuahidi." Alipomaliza alivua glavu, akanipa simu yangu. "Mpigie. Hapa hapa. Weka sauti kubwa."

Kulwa alipokea na karasha likinguruma nyuma yake. "Oya fundi! Bado hujafa? Ule unga umeisha, nichekechee mwingine, huku nimekuwa mweupe kama mchungaji."

"Kulwa, usitumie tena ule unga."

"Kwa nini, umepata wateja wa maana?"

"Unakula fizi. Ndio ulionitoa mimi kazini. Nisamehe, nilikupa bila kujua."

"Wewe bila kujua? Wewe si ndiye uliyeniwekea na ratiba, dakika tano asubuhi?"

"Daktari yuko hapa anakusikia."

 Kisha Kulwa akasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Shikamoo, daktari."

Alikuja wiki iliyofuata, amevaa shati la kanisani. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikiliza namba kupitia mlango ulioachwa wazi. Mbili. Tatu. Tatu. Mbili. Nilikuwa nimeshika magoti yangu, na sikumbuki kama niliwahi kuomba kwa ajili ya kitu chochote kama nilivyoomba kwa ajili ya namba zile. Nne mara mbili, kisha tatu, kisha mbili mpaka mwisho. Fizi zake zilikuwa zimeanza kukimbia mbele lakini mfupa ulikuwa wote. Alipewa mswaki laini. Alitoka akaushika mbele ya uso wangu. "Huu ni wa mtoto mchanga," alisema. "Wachimbaji wakiniona nao, nitasema ni wa kwako." Kisha akaketi kando yangu. "Ungeniambia tangu siku ya kwanza," alisema. 

Miezi tisa ilipita. Nilirudi Masumbwe, nikafanya kazi, nikarudi kwa miadi, nikaambiwa bado, usipige picha kila wiki, mfupa haupendi kuhesabiwa. Kila niliposimama kando ya karasha nilikuwa nikifikiri juu ya kile kilichokuwa kinaendelea shavuni mwangu bila kelele, bila injini, bila fundi. Sisi tulikuwa tunasaga milima kupata kitu cha kujaza kifuniko cha soda. Huko ndani, kwenye giza la taya, kulikuwa na chembe zinazopanda juu ya madini ya ng'ombe na kujenga mfupa wa mtu, na zilijua mahali pa kuishia.

Picha ilipotoka Daktari Rehema aliiweka kwenye skrini kando ya ile ya zamani, akasogea pembeni bila kusema kitu ili nione mwenyewe. Upande wa kushoto lile tone jeusi. Upande wa kulia, mahali pale pale, ukungu wa kijivu, wenye vistari vyembamba ndani yake kama nyuzi za kitambaa kinachofumwa, ukipanda kando ya mzizi karibu na ulipokuwa zamani. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikatia mvuke kwenye skrini. Daktari alichukua kijiti chake, akakiingiza, kikagoma mapema. "Tatu," alisema, na nesi, ambaye alikuwapo siku ile ya namba nane, aliweka kalamu chini akapiga makofi mara moja, kofi moja tu, akaokota tena kalamu. Daktari akalishika jino kwa vidole viwili akalitikisa. Halikucheza; nilitikisika mimi.

"Si kwamba nimeotesha," alisema, akiwa ameshaanza tena kuimba kwa pua. "Nilikuambia." Kisha akanionyesha kwa kioo mbele ya jino. Ule mpando ulikuwa umeshika, wa rangi ya waridi, mnene, umefunika mzizi wote isipokuwa kona moja, pale lilipokuwa fundo la kumi na moja. Hapo mzizi ulionekana, upana wa punje ya mchele. Niliuliza kama anaweza kurudia. Alisema anaweza, lakini haina sababu. Si ugonjwa, haiumi, na kila ukipasua unauomba mwili upone tena. "Hiyo ni ya kwako," alisema. "Ishi nayo."

Shangazi alinipokea kwenye mlango wa jiko. "Hebu cheka nione." Nikacheka. Alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, kama anavyokagua ndama. "Mimi sioni kitu." "Hapo pembeni, shangazi. Mzizi unaonekana kidogo." Akaangalia tena, macho yakiwa membamba. "Na nani atakuja kukuangalia na tochi?" Akanipa hindi la kuchoma, kwa upande wa kushoto, akasimama akingoja mpaka niume.

Niliuma. Lilikuwa gumu na la moto, na hakuna kilichoinama.

Ni miaka mitano sasa. Jino lipo na mfupa wake upo. Napiga mswaki kwa mkono mwepesi, nyuma kabla ya mbele, na kila baada ya miezi sita nakwenda kusafishwa. Bado najifunza mambo mengi peke yangu, lakini simpi mtu kitu nilichokibuni mpaka anayejua amekiona. Ile kona ya mzizi bado iko wazi. Nimeacha kuvuta mdomo kuiangalia.